Kivuko Kisichokwenda Popote

Asubuhi ya Juhannus, sikukuu ya Wafini ya katikati ya kiangazi, mji wa Turku ulikuwa umeachiwa shakwe na polisi. Watu wengine wote walikuwa wameukimbia tangu jana, wakaenda kujazana visiwani kwa jua, viazi vipya na samaki. Huku nyuma waliacha miche ya mti wa birchi imesimamishwa pande mbili za milango, majani yake yameanza kulegea. Kama kawaida ya kiangazi huku kaskazini, giza halikuwa limeingia usiku kucha. Nuru ilikuwa ileile ya jana jioni, nyeupe na yenye uchovu, imelala juu ya mto Aura kana kwamba haikuambiwa saa ya kuondoka. Inspekta Taimi Ruokola alitembea kando ya maji akijisikia mtu aliyeamshwa nusu, nusu yake nyingine bado iko ndotoni.

Aliingia katika jengo lisilo na kibao, akapanda ngazi hadi ghorofa ya juu. Hapo ndipo ilipokuwa huduma ya maandishi kwa vijana. Vijana wanaopenda wa jinsia yao, vijana ambao jina na mwili waliopewa siku ya kuzaliwa havikuwakaa sawa, na wengine wa namna hiyo waliokosa wa kumwambia nyumbani, waliandika hapa kwa simu zao na mtu akawajibu. Hawakuulizwa jina wala wanakoishi. Mazungumzo yakifungwa, maandishi yote yalifutika, yasije kusomwa na mzazi, wala mwalimu, wala, kama mkuu wa huduma alivyomkumbusha Taimi hata kabla hajaketi, polisi.

"Na wewe umo," alisema Kaisu Mannila. Alikuwa mwanamke mnene, nywele zake za mvi zimekatwa fupi kama za askari, na alishamimina kahawa vikombe vitatu bila kukubali bado kwamba ana mgeni. "Nimekupigia kwa sababu nimeogopa. Usidhani nimekupigia kwa sababu nakupenda."

"Sijapendwa na mtu tangu mwaka uanze, Kaisu. Nitavumilia."

Jambo lenyewe lilikuwa fupi. Jana jioni kijana aliyejiita Kimulimuli aliandika kwamba hataki kuwepo kesho. Aliyekuwa zamu alikaa naye muda mrefu, wakaongea, ikaonekana moyo unatulia. Kisha, ghafla, mazungumzo yakafungwa na Kimulimuli hakuonekana tena. Alfajiri baba mmoja wa kisiwa cha Lövskär akapiga simu polisi: mwanawe wa miaka kumi na sita hayupo kitandani, na mashua yao ndogo haipo gatini. Simu ya mtoto ilikuwa imezimika. Walinzi wa pwani walikuwa wameshaingia baharini, wakipapasa visiwa kimoja kimoja ndani ya ukungu.

Taimi alitumwa kujua kama hawa walikuwa watu wawili au mmoja. Wakiwa wawili, kulikuwa na watoto wawili wa kutafuta. Akiwa mmoja, basi yule wa mashua hakwenda kuvua samaki, na kila dakika iliyopita ilikuwa mbaya kuliko iliyotangulia.

Aliyekuwa zamu alikuwa ameketi karibu na dirisha. Aliitwa Ilmo Vesterinen. Siku za kawaida alikuwa fundi wa kulinganisha sauti za piano, na jioni mbili kwa wiki alikuja hapa kujitolea. Mikono yake mirefu leo haikujua pa kukaa. Alikuwa hajakwenda kwake. Kompyuta ilikuwa wazi mbele yake, na kila baada ya muda mfupi alikigusa kipanya ili kioo kisizimike.

"Nieleze tena alichosema," Taimi alimwambia.

"Nimeshaeleza kwenye simu. Mara mbili."

"Mbili za kwanza ulikuwa unalia. Hii nipe kavu."

Ilmo alifumba macho, akamrudisha Kimulimuli kipande kwa kipande. Nje kijijini walikuwa wakipandisha nguzo ya sikukuu, iliyopambwa majani. Wavulana hushika kamba, wasichana hufunga mashada ya majani. Kimulimuli alikwenda kukaa na wasichana, akasuka taji la maua, akalivaa, na kwa muda kidogo akajisikia amevaa kitu chake mwenyewe baada ya kuvaa vya kuazima maisha yake yote. Halafu taji likavuliwa kichwani pake mbele ya watu. Nani alilivua, hakusema.

Akili ya Taimi ilinasa kwenye ile nguzo. Watu wa bara huwasha moto mkubwa kando ya ziwa siku ile. Nguzo ya majani ni ya visiwani, kwa Wafini wanaosema Kiswidi. Kwa hiyo Kimulimuli aliandika kutoka visiwani. Ila huko kila kijiji kina nguzo yake, na Lövskär ilikuwa moja tu kati ya nyingi.

"Neno lake la mwisho?"

"'Basi sijui tena.' Aliandika hivyo. Halafu kimya. Nikamsubiri. Nikamsubiri sana. Halafu akafunga."

"Aliaga," alisema Kaisu, na sauti yake kubwa ikapungua. "Wakishafunga hivyo katikati, Taimi, mara nyingi ndiyo kuaga."

Taimi alitoka hadi kwenye ngazi kumpigia simu baba wa Lövskär. Alikuwa mvuvi, jina lake Rolf Söderdahl, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuita jina moja hewani mpaka koo likakauka. Taimi alimuuliza mambo ya kawaida: mtoto amevaa nini, rafiki zake ni nani, ana ndugu bara, mashua ina petroli kiasi gani. Alivaa koti la mvua la njano, la babake. Rafiki, hana. Ndugu bara, hana. Lile hasa alilotaka kulijua Taimi hakuliuliza. Swali lenyewe lingekuwa jibu, na siri ile haikuwa ya polisi kuigawa.

"Jana kulitokea nini, Rolf? Hata kitu kidogo."

Kwenye simu ilisikika saa ya ukutani na mtu mwingine akitembea juu ya mbao.

"Nilimvua taji," alisema mwishowe. "Alikaa na wasichana, amevaa taji la maua. Shemeji yangu akacheka, watu wakageuka kumtazama. Nikalivua nikalitupa. Nilidhani namsitiri."

"Liko wapi sasa?"

"Nimelifuata asubuhi hii nikaliokota. Nimeliweka kwenye beseni la maji. Lile la bluu. Sijui kwa nini nimefanya hivyo. Nilitaka tu lisinyauke kabla hajarudi."

Hapo akaangua kilio. Taimi alibaki na simu sikioni, amesimama kwenye ngazi zilizojaa nuru, akamwacha mwanamume alie mpaka amalize. Yeye mwenyewe macho yalimwuma, wala hakusingizia usingizi.

Alirudi ndani akiwa na jibu. Walikuwa mtu mmoja.

Kabla hajafungua kinywa simu yake iliita tena. Alikuwa mlinzi wa pwani, kijana mwenye haraka. Mashua imepatikana. Imefungwa kwenye gati la kisiwa kikubwa, pale magari yanapopandia feri ya kwenda bara. Ndani hamna mtu. Wanaita wapiga mbizi waingie majini papo hapo.

"Imefungwaje?"

"Imefungwaje vipi?"

"Kamba. Umeiona au hujaiona?"

Aliiona. Ilikuwa imefungwa mbele na nyuma, na kati ya mashua na gati yamewekwa maboya ili ubavu usikwaruzwe. Jaketi la kuokolea lilikuwa limetundikwa kwenye kasia.

"Wapiga mbizi waje," Taimi alisema. "Lakini mtu aulize pia kwenye feri. Anayekinga ubavu wa mashua ya babake anajua kuna siku ataihitaji."

Alikata simu, akamgeukia Ilmo.

"Una hakika alifunga yeye?"

"Iliandikwa. Mazungumzo yamefungwa."

"Iliandikwa kafunga nani?"

Ilmo aliigeukia kompyuta. Kaisu aliweka kikombe chini.

Taimi alimwambia Ilmo aiwashe tena huduma, kisha akatoa simu yake, akafungua ukurasa wake, akaandika kama kijana yeyote. Sanduku la mazungumzo likafunguka kwenye kompyuta ya Ilmo. Jina la mwandishi lilikuwa Mama Polisi, na Ilmo, pamoja na hali aliyokuwa nayo, alicheka kidogo puani. Alijibu kwamba yupo, anasikiliza. Taimi akaandika: "Basi sijui tena." Halafu akaweka simu juu ya paja lake.

"Sasa fanya kama jana," alisema.

Ilmo hakuandika kitu. Katika nchi ile kimya ni adabu. Watu wawili wanaweza kukaa kwenye mvuke wa sauna jioni nzima bila neno, wakaagana wakiwa marafiki zaidi kuliko walivyoingia, na anayejaza kila pengo kwa maneno huonekana hakulelewa. Hapa katika huduma adabu hiyo ilifundishwa kama kazi: usimsukume, usimvute, mwachie nafasi, atasema akiwa tayari. Kwa hiyo walikaa. Shakwe walilia juu ya mapaa. Nuru ilitambaa polepole kutoka kwenye sakafu hadi kwenye mguu wa kiti. Kaisu alitazama kioo, Taimi alitazama simu, na hakuna aliyejua tena kama muda ulikuwa unakwenda au umelala pamoja na mji.

Sanduku likajifunga.

Kwenye simu ya Taimi yalitokea maneno ya upole: Mazungumzo yamefungwa. Asante kwa kutuandikia. Kwenye kompyuta ya Ilmo yalitokea mawili tu ya kwanza.

"Sijagusa kitu," alisema Taimi.

"Wala mimi," alisema Ilmo, na rangi ikamtoka usoni.

Kaisu alikaa chini kwa uzito wake wote. Yeye ndiye aliyeomba jambo lile liwekwe, miezi michache nyuma. Kulikuwa na vijana waliopitiwa na usingizi simu ikiwa wazi, na nyuma yao foleni ya wengine wanaongoja kuingia. Aliona ni busara mashine ifunge yenyewe pakiwa kimya mno. Hakukumbuka kwamba ni yeye yuleyule aliyewafundisha watu wake kukaa kimya.

"Mlikuwa mnasubiriana," Taimi alisema. "Yeye anangoja useme, wewe unangoja aseme. Mashine ikaona mmelala wote."

"Na akijaribu kurudi?" aliuliza Ilmo.

"Tulikuwa tumeshafunga kwa sikukuu," alisema Kaisu. "Angeambiwa aje Jumatatu. Ee Mungu wangu."

Ilmo aliinama, uso ukaingia viganjani. Taimi alimwonea huruma, lakini akili yake ilikuwa imeshaamka yote sasa. Tangu alfajiri walikuwa wanamtafuta mtoto aliyeaga. Kumbe hakuaga. Alikuwa na mtu mmoja duniani wa kuongea naye, na mtu huyo, kwa alivyoelewa yeye, akamfungia mlango usoni na kumshukuru. Akachukua mashua, akaenda gati la feri, akaelekea bara ambako hana ndugu wala rafiki.

"Anakuja hapa," alisema Taimi. "Anamtafuta Ilmo."

"Haiwezekani," Kaisu alisema. "Hakuna anayejua tuko wapi. Mama yangu mzazi anadhani nauza bima."

Taimi hakumjibu. Alivuta kiti mpaka magoti yake yakakaribia ya Ilmo.

"Nimesikia yote aliyosema Kimulimuli. Sijasikia hata neno moja ulilomwambia wewe."

Masikio ya Ilmo yaliwaka. Kanuni ilikuwa imebandikwa ukutani nyuma yake kwa herufi kubwa: mhudumu hajizungumzii. Hasemi anaishi wapi, ana umri gani, anapenda nini, yuko chumba gani. Anayeandika ndiye anayezungumziwa.

"Ilmo. Si wakati wa kuona haya."

"Aliniuliza naona nini," alisema akitazama sakafu. "Alisema akifumba macho anaona nyuso za watu wa kijijini tu, wote wamegeuka. Akaniomba nimwambie mimi ninachoona, ili aone kitu kingine. Nikatazama nje. Nikamwambia naiona Föri, kile kivuko kidogo cha Turku, iko chini yangu kabisa, ya rangi ya chungwa, inavuka mto, inarudi, inavuka. Nikamwambia haiendi popote, na bado kila siku watu wanaipanda. Nikamwambia ingekuwa ya bure hata kwake. Akaandika kwamba amecheka. Sikutaka kukiharibu kicheko hicho, ndiyo maana sikuwaambia. Na nilijua nimevunja kanuni."

Taimi alikuwa ameshafika dirishani. Chini kabisa, kile kivuko kidogo kilikuwa katikati ya mto, kinateleza bila haraka juu ya maji meupe. Kilikuwa kimebeba baiskeli moja, bibi mmoja na mbwa, na kwenye benchi la pembeni, mtu mdogo ndani ya koti kubwa la njano. Uso wake ulikuwa umeinuliwa. Alikuwa anayatazama madirisha ya majengo, moja baada ya jingine.

Ilmo alisimama nyuma ya Taimi, akaona, akashika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili.

"Umevunja kanuni," Kaisu alisema taratibu. "Nitakugombeza Jumatatu." Halafu, yeye ambaye kwa miaka yote hakuruhusu mhudumu aonekane na mwandishi hata kivuli, alinyoosha mkono akalifungua dirisha lile wazi. "Ubaki hapo hapo. Usisogee."

Taimi alishuka ngazi akiongea na simu: wapiga mbizi watoke majini, kuuliza kwenye feri kukome, na baba wa Lövskär asiambiwe kitu kwanza mpaka yeye mwenyewe ampigie. Alifika ukingoni kivuko kikigusa nchi kavu. Bibi na mbwa walishuka. Koti la njano halikushuka.

Mwendeshaji alimchungulia Taimi kutoka kwenye kibanda chake. Taimi alimwonyesha kitambulisho, akamuuliza kwa sauti ndogo yule pale yuko humo tangu lini.

"Tangu nianze kazi asubuhi. Havuki. Anazunguka tu."

"Na hukumuuliza?"

"Nimuulize nini? Ni bure, bibie. Mtu akitaka kukaa, akae." Alikuna shingo, akaongeza kwa aibu, "Nilitaka kumpa kahawa. Nikaona nitamsumbua."

Taimi aliketi kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati. Kivuko kiliondoka. Kimulimuli alikuwa na uso mwembamba, midomo imepauka kwa baridi, na kwenye nywele nyuma ya sikio palikuwa na ua moja dogo jeupe lililosahauliwa na mkono uliovua taji. Taimi alitaka kumkumbatia. Badala yake akakaa kimya, kama alivyofundishwa tangu utoto, mpaka akakumbuka kwamba leo kimya kimeshafanya kazi ya kutosha.

"Mimi ni Taimi, wa polisi. Hujafanya kosa lolote. Nikuite nani?"

"Kimulimuli," alisema mtoto, karibu hasikiki.

"Sawa. Kimulimuli, lile sanduku halikufungwa na mtu. Mlikuwa mnasubiriana, mashine ikafunga yenyewe. Nimeijaribu sasa hivi, na mimi pia imenifukuza. Ilmo hajatoka pale tangu jana. Tazama kule juu, ghorofa ya mwisho, dirisha lililo wazi."

Mtoto alitazama. Juu kule mtu mrefu alikuwa ameinua mkono, hakuupunga, aliuinua tu na kuuacha pale. Kimulimuli naye, baada ya muda, aliinua wake kutoka ndani ya mkono mrefu wa koti. Waliiacha mikono hivyo mpaka kivuko kilipogusa ng'ambo, kikapumzika, kikaanza kurudi.

"Bado hutaki kuwepo?" Taimi aliuliza. Aliuliza waziwazi, kwa sababu ndivyo inavyoulizwa.

"Jana sikutaka. Leo sijui." Mtoto alifuta pua kwa koti. "Leo nilitaka kwanza nilione dirisha."

"Basi leo tukae na hapo. Kuna daktari mzuri nitakupeleka kwake, na Ilmo anaweza kuja ukitaka. Hutabaki peke yako na hilo wazo."

"Baba anajua?"

"Anajua umepotea. Mengine sijamwambia. Si yangu kuyasema."

"Amekasirika?"

Taimi alifikiri. Kulikuwa na majibu mengi ya kitaalamu, na hakuna hata moja lililokuwa na maji ndani yake.

"Amekwenda kuliokota taji," alisema. "Ameliweka kwenye beseni, lisinyauke kabla hujarudi."

Kimulimuli aligeuka kumtazama kwa mara ya kwanza.

"Beseni gani?"

"La bluu, kasema."

"Hilo ni la samaki," alisema mtoto. "Litanuka vibaya." Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka katikati kikawa kilio, na Taimi akaifuta ile nafasi ya mtu mmoja kati yao, akamshika mabega.

Mwendeshaji alipunguza mwendo bila kuambiwa. Mji ulikuwa bado mtupu, nuru bado nyeupe, na maji yalipita chini yao kana kwamba hayakuwa na haraka ya kufika baharini. Kivuko kiligusa ukingo. Safari hii Kimulimuli alisimama.